Chakula kibaya restorani ukiwa likizoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wakazi wa Lubumbashi wanaosafiri kupumzika: wanaokwenda Kalemie kwenye Ziwa Tanganyika, wanaovuka Kasumbalesa kuelekea Livingstone au Siavonga, wanaofika Dar es Salaam na Zanzibar, na wale wenye ndugu Johannesburg. Yanahusu jambo moja tu, yaani ufanye nini sahani inapofika mezani na kilichomo hakiliki, au kinalika kwa shida.

Sitarudi tena katika restorani hiyo. Kuna faida gani ya kulalamika?

Faida ipo, na sababu yake ni hiyo hiyo ya kutorudi. Mkazi wa mji akila vibaya huhamia kwingine kesho yake, na mwenye restorani huipata habari kwa kuona meza tupu. Mgeni hana adhabu ya namna hiyo, kwa maana hata angekula vizuri asingerudi. Ndiyo maana sehemu zinazoishi kwa watalii, hasa zile zilizo karibu kabisa na maporomoko, bandari au ufukwe, huweza kupika ovyo miaka mingi bila kufunga mlango. Neno linalosemwa mezani, wakati sahani bado ipo, ndilo karibu silaha pekee aliyo nayo msafiri.

Hata hivyo sisemi kwamba kila kasoro ilalamikiwe. Kabla ya kumwita mtu, jiulize kama kasoro hiyo inaweza kurekebishwa sasa hivi, na kama inaweza kumdhuru mtu. Ukiona jibu ni ndiyo kwa mojawapo, sema. Ukiona ni hapana kwa yote mawili, kula unachoweza, lipa, na jioni utafute mahali pengine.

Nitajuaje kama chakula ni kibaya kweli, au ni mimi tu sikukizoea?

Anza na hatari, kwa sababu hapo hakuna mjadala. Kuku mwenye damu karibu na mfupa, nyama ya nguruwe ambayo katikati ni mbichi, wali unaonuka kuchacha, kipande cha chupa, mende: hivyo vyote hurudishwa bila kuomba radhi. Nguruwe nimemtaja kwa makusudi, kwa kuwa katika ukanda wetu, Zambia ikiwemo, minyoo aina ya tegu bado hupatikana katika nyama ya nguruwe isiyoiva. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba chakula kinachopikwa kifikie nyuzi joto 70 hadi katikati, kinachosubiri kuliwa kibaki juu ya 60, cha baridi kiwe chini ya 5, na kilichopikwa kisiachwe kwenye joto la kawaida la chumba kwa zaidi ya saa mbili. Hakuna anayebeba kipimajoto likizoni, lakini ulimi unatosha kutambua kwamba wali wa hoteli ulio vuguvugu saa nane mchana haulingani na kanuni hiyo, hata kama kitambaa cha meza ni cheupe na wahudumu wamevaa tai.

Pili kuna kuletewa kisichoagizwa. Uliomba samaki aina ya kuhe wa kuchoma, ukaletewa sangala wa kukaanga. Uliambiwa samaki mzima, kikaja kipande. Hapa hatubishani juu ya ladha, tunabishana juu ya makubaliano, na mteja ana haki kamili hata kama kilicholetwa ni kitamu. Palipo na desturi ya kuonyeshwa samaki mbichi na kupatana bei kabla hajawekwa motoni, mtazame vizuri kichwani na mkiani, kisha umtazame tena akiletwa. Samaki hupungua kidogo anapochomwa, lakini hapungui nusu.

Tatu kuna ladha, na hapa ndipo sisi wa Lubumbashi tunapoonea watu. Mtu aliyezoea bukari mgumu, yaani ugali, na sombe, yaani kisamvu, iliyokolea mawese anaweza kuona maharagwe ya nazi ya Zanzibar kuwa matamu kupita kiasi, au kushangaa mboga za majani za Zambia zikiletwa na karanga zilizotwangwa, zile zinazoitwa ifisashi. Hayo hayarudishwi jikoni. Mpishi alipika alichokusudia kupika, na wewe uliagiza usichokijua. Unaweza kuomba chumvi, ndimu au pilipili, na mara nyingi hilo linatosha.

Mfano ulio katikati ni mchanga katika ndakala. Dagaa hawa wakianikwa ufukweni hubeba mchanga, nao wasipooshwa kwa maji mengi kabla ya kupikwa, mchanga hufika hadi kwenye sahani. Kapenta wa Siavonga ni dagaa wa jamii hiyo hiyo, kwa kuwa ukoo wao ulitolewa Ziwa Tanganyika na kupandikizwa Ziwa Kariba mwishoni mwa miaka ya 1960. Punje moja ni ajali ya ufukweni. Kila tonge likisaga meno, jikoni hawakuosha, na hilo ni kosa la kazi linalostahili kusemwa.

Niseme wakati gani?

Mapema, baada ya tonge la pili au la tatu, na kwa vyovyote kabla ya kulipa. Mteja aliyekula robo tatu ya sahani kisha akadai kwamba haikulika amejinyima hoja yake mwenyewe, hata kama anasema kweli. Isipokuwa pale ambapo kasoro imejificha ndani, kama paja la kuku lililoiva nje tu: hapo sema mara unapofika kwenye mfupa, na usiruhusu sahani iondolewe kabla haijatazamwa. Picha moja ya simu, iliyopigwa karibu na penye mwanga, husaidia. Kuzungusha simu ukipiga picha ya meza nzima na wateja wengine hakusaidii, ila huwafanya wahudumu wajihami.

Nimwambie nani, na kwa maneno gani?

Mwambie kwanza aliyekuhudumia, kwa sababu ndiye anayeweza kurudisha sahani ndani ya dakika moja. Meneja aitwe pale tu mhudumu anaposhindwa au anapokataa. Katika vibanda vya mama mmoja anayepika, anayeuza na anayepokea fedha yeye mwenyewe, hakuna ngazi ya kupanda: sogea karibu na jiko, sema kwa sauti ya chini, na usimwaibishe mbele ya wateja wake.

Heshima hubadilika kidogo ukivuka mpaka. Kalemie, kama kwetu, utasema mama au papa hata kwa mtu unayemzidi umri, ikiwa ndiye mwenye mahali. Dar es Salaam mhudumu kijana ni kaka au dada, na mwenye umri ni mama au mzee. Kwenye Copperbelt ya Zambia, mwenye kujua Kibemba akimwita mwanamke mtu mzima bamayo, yaani mama, amekwisha kumaliza nusu ya kazi. Kupiga vidole au kumwita mtu mzima “we kijana” huharibu dai zuri kabisa.

Maneno yenyewe yawe na mambo matatu: kasoro unayoweza kuionyesha kwa kidole, ombi lililo wazi, na salamu. Tuseme umekaa na watoto, kuku amefika, ngozi ni ya rangi ya dhahabu, lakini ulipofungua kiungo cha paja maji mekundu yametiririka juu ya viazi. Unaweza kusema hivi:

“Mama, samahani. Tazama hapa kwenye kiungo, damu bado ipo. Naomba kipande kingine kilichoiva, na hivi viazi vibadilishwe kwa sababu vimeguswa.”

Hilo la viazi wengi hulisahau. Kuku akirudishwa motoni huku viazi vilivyolowa damu vikibaki kwenye sahani ile ile, hatari imebaki ilipokuwa. Angalia pia kwamba sentensi hiyo haisemi “mnapika vibaya” wala “mnataka kutuua.” Maneno ya namna hiyo humfanya mhudumu atetee nyumba yake, na hapo habari ya kuku husahaulika.

Je, ni kweli kwamba ukirudisha sahani, wapishi huifanyia ubaya jikoni?

Hofu hiyo imeenea sana, na ndiyo inayowafanya watu wengi wale walichokataa nafsini mwao. Siwezi kuapa juu ya kila jiko duniani, lakini mpishi anayerudishiwa kuku mbichi kwa maneno ya adabu kwa kawaida huona aibu kuliko hasira. Kama mazungumzo yamekwisha kuwa ya matusi, au kama mhudumu ameondoka akisonya, usiombe sahani nyingine. Omba kiondolewe kwenye bili, unywe soda iliyofunguliwa mbele yako, uende.

Niombe nini: kubadilishiwa, kupunguziwa au kurudishiwa fedha?

Omba kile kinachokufaa wewe, na ukiseme wewe kwanza, kwa sababu mhudumu ukimwachia atakupa kile kinachomgharimu kidogo. Mwenye basi la saa nane hana faida na sahani mpya itakayotoka saa tisa. Aombe kiondolewe kwenye bili. Mwenye mchana mzima aombe kubadilishiwa. Kupunguziwa kunafaa pale sehemu ya chakula ilipokuwa nzuri na ukaila. Kinywaji cha bure au keki ya kukubembeleza ni ungwana, kipokee ukitaka, lakini hakifuti bei ya nyama ambayo hukuila.

Malipo yakishafanyika mambo huwa magumu zaidi. Fedha taslimu hurudi mkononi kwa urahisi, ila angalia zisirudi katika sarafu nyingine kwa kiwango cha kubadilisha kinachokupunja. Waliolipa kwa simu wahakikishe muamala wa kurudishiwa umeonekana kwenye simu kabla hawajaondoka kwenye meza, si baada ya kuahidiwa kwamba utatumwa jioni.

Tumesubiri chakula zaidi ya saa moja. Hilo nalo ni la kulalamikia?

Inategemea kama uliambiwa. Jiko linalowasha makaa baada ya kupokea agizo na kuanza kupaa samaki mbele yako litachukua saa nzima, na kwa usalama wa tumbo lako ni bora kuliko lile linaloleta sahani baada ya dakika nne, kwa sababu cha dakika nne kilipikwa asubuhi. Kuku wa kienyeji naye hana haraka popote alipo. Uliza muda unapoagiza, ndipo uwe na la kusema muda huo ukipita.

Mwenyeji wetu ndiye aliyetualika na ndiye anayelipa. Nifanye nini?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na wengi wetu hulikuta kuliko habari ya watalii, kwa maana likizo ya mtu wa Lubumbashi mara nyingi ni kwa shemeji Ndola, kwa mjomba Likasi au kwa wakwe Kalemie. Mwenyeji amekuchagulia mahali, pengine ni mahali anapojivunia, na fedha ni zake. Ukimwita meneja mbele yake umemwambia yeye, wala si meneja, kwamba amekukirimu vibaya.

Kwa kasoro ya ladha, nyamaza kabisa. Kula kidogo, sifia kilichokuwa kizuri bila kudanganya, na mazungumzo yaendelee. Kwa kosa la agizo, mwachie mwenyeji aamue: mnong'oneze, “Shemeji, nadhani wamechanganya sahani,” naye atajua kama ni neno la kumwita mhudumu au la. Mkiwa mbele ya wakwe, mpitishie mwenzi wako habari hiyo, kwa sababu mtoto wa nyumba anaweza kusema yale ambayo mkwe hawezi.

Kwa hatari, adabu hiyo ina mpaka. Kuku mbichi aliye mbele ya mtoto wa dada yako haungojei ngazi za heshima. Vuta sahani ya mtoto, sema kwa upole kwamba hiki hakijaiva, na mwombe mwenyeji akusaidie kuwaambia. Ukimfanya yeye awe msemaji wa meza, heshima yake inabaki na chakula kinabadilishwa. Sijaona mwenyeji mwenye akili aliyekasirika kwa kuzuiwa kuwalisha wageni nyama mbichi.

Ninayo mzio wa karanga, nikaletewa chakula chenye karanga licha ya kusema. Hilo ni lalamiko la kawaida?

Hapana. Acha kula papo hapo, na kama midomo inavimba, sauti inakwaruza au pumzi inabana, nenda hospitali. Mambo ya bili yasubiri. Katanga na Zambia karanga za kusaga huingia kwenye mboga nyingi bila kuonekana, kwa hiyo uliza juu ya kila sahani, hata ile inayoonekana ni majani matupu.

Bili ina vitu ambavyo sikuagiza, au jumla imezidi bei ya menyu.

Soma menyu tena kabla ya kugombana, hasa maandishi madogo ya chini. Kwetu Kongo TVA, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ni asilimia 16, na Zambia kodi hiyo ni asilimia 16 pia. Baadhi ya restorani huandika bei bila kodi, kisha huiongeza mwishoni pamoja na asilimia ya huduma. Kama iliandikwa, uliikubali ulipoagiza. Kama haikuandikwa popote, omba menyu iletwe na muipitie pamoja, mstari kwa mstari. Tanzania, kanuni za mwaka 2025 zinakataza bei za bidhaa na huduma za ndani kutangazwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo ukikutana na menyu ya dola matupu una haki ya kuomba bei ya shilingi.

Chupa za maji zinazowekwa mezani bila kuombwa ni mtego wa zamani. Ukizifungua umezinunua.

Nikikataa kulipa itakuwaje?

Kukataa bili yote baada ya kula sehemu yake ni njia mbaya, na ugenini ni njia ya hatari. Kwetu mikataba bado inaongozwa na dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, ambayo kifungu chake cha 33 kinasema makubaliano halali ni sheria kwa walioyafanya. Kuagiza kutoka kwenye menyu yenye bei ni makubaliano, na yanambana mpishi kama yanavyokubana wewe. Jitolee kulipa vinywaji na sahani zilizokuwa nzuri, na ueleze ni sahani gani hulipii na kwa nini. Wakikataa katakata na kutaja polisi, lipa, andika kwenye risiti kwamba umelipa huku ukipinga sahani fulani, waombe watie sahihi, na uipige picha. Usiku, ukiwa na mizigo na pasipoti mfukoni, bei ya kuku mmoja haifiki gharama ya asubuhi nzima kituoni.

Usiku nimeharisha na kutapika. Niirudie restorani ile?

Kwanza jitibu, kisha ufanye hesabu ya saa. Watu karibu wote hulaumu mlo wa mwisho, na mara nyingi hukosea. Sumu ya bakteria aina ya Staphylococcus huanza kusumbua ndani ya nusu saa hadi saa nane. Wali uliokaa nje na kupashwa moto unaweza kutapisha ndani ya saa sita. Lakini norovirusi huchukua saa 12 hadi 48, Salmonella kuanzia saa sita hadi siku sita, na kipindupindu kinaweza kuanza baada ya saa chache au baada ya siku tano. Homa ya matumbo huchukua wiki moja hadi tatu kwa kawaida. Mtu anayeugua saa nne za usiku siku ya kwanza ya kufika Livingstone huenda alikula ugonjwa wake njiani, au alitoka nao nyumbani.

Kuna pia malaria, ambayo kwa watoto hasa huja na kutapika na hata kuharisha. Kama kuna homa, pima kabla ya kumshtaki mpishi.

Kisa kimoja kinajitambulisha chenyewe. Ukila jodari au samaki wa jamii yake pwani, na ndani ya dakika chache hadi saa moja uso unawaka na kuwa mwekundu, kichwa kinagonga, moyo unaenda mbio, na ulikuwa umehisi ladha ya pilipili mahali ambapo hapakuwa na pilipili, hiyo yaelekea ni sumu ya histamini. Hutokea samaki anapokaa bila barafu baada ya kuvuliwa, na kupika hakuiondoi. Hapo rudi restorani siku hiyo hiyo au upige simu, kwa sababu samaki waliobaki katika friji ile wataliwa na mwingine usiku huo.

Kwa kuharisha kwa kawaida, dawa ya kwanza ni maji. Pasipo pakiti ya ORS, ile chumvi ya dukani ya kurudisha maji mwilini, changanya lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa, na unywe kidogo kidogo. Damu katika choo, homa kali, kushindwa kubakiza maji tumboni, mtoto asiyekojoa, au choo chepesi kama maji ya mchele kinachotoka mfululizo: usingoje asubuhi, nenda kituo cha afya.

Ukirudi kwa mwenye restorani, mweleze mlikula nini, saa ngapi, wangapi waliugua na wangapi hawakuugua. Wanne walikula kuku na wote wakaugua, wawili walikula samaki wakabaki wazima: hiyo ni habari ambayo mwenye jiko anaweza kuifanyia kazi. “Chakula chenu kilituua” haimsaidii mtu.

Kuna ofisi ya serikali inayosikiliza malalamiko kama haya?

Ipo, ila uzito wake hutofautiana. Zambia kuna Tume ya Ushindani na Ulinzi wa Watumiaji, CCPC, inayotumia sheria namba 24 ya mwaka 2010, sheria hiyo inakataza hata matangazo ya ukutani yanayokana wajibu wa muuzaji, yale ya “fedha hazirudishwi.” Tanzania Bara usalama wa chakula ulihamishiwa Shirika la Viwango, TBS, mwaka 2019, na katika halmashauri bwana afya ndiye anayeingia jikoni, Zanzibar ina wakala wake, ZFDA. Afrika Kusini sheria ya ulinzi wa watumiaji, namba 68 ya mwaka 2008, ndiyo iliyo wazi kuliko zote: huduma ikiwa mbovu, mteja anaweza kudai irekebishwe au arudishiwe sehemu ya bei inayolingana na ubovu wake. Kuitaja sheria hiyo kwa utulivu mbele ya meneja wa Johannesburg mara nyingi hutosha.

Kwetu, ukiwa Kalemie au Kolwezi, nenda kwa wakaguzi wa usafi wa komini au wa afya, na kwa hoteli uende kwenye divisheni ya utalii ya jimbo. Nasema ukweli: kwa sahani moja ya mishikaki iliyoungua usijisumbue. Kwa watu kumi waliolazwa baada ya karamu, nenda asubuhi hiyo hiyo, na cheti cha daktari mkononi.

Je, niandike mtandaoni?

Andika, baada ya kuwa umesema mezani na kuona walivyojibu, kwa maana namna walivyojibu ni sehemu ya habari. Taja tarehe, sahani, bei na kilichotokea. Wasifu pia walichofanya vizuri. Andika ulichoona, usiandike usichoweza kuthibitisha. “Kuku wangu alikuwa na damu kwenye mfupa na walikataa kumbadilisha” ni ushahidi wako. “Hawa wanauza nyama ya mizoga” ni tuhuma ya jinai, na kumtangazia mtu jambo la kumvunjia heshima ni kosa chini ya kifungu cha 74 cha kitabu cha pili cha kanuni yetu ya adhabu. Kongo pia ina kanuni ya mambo ya kidijitali tangu Machi 2023, na Tanzania ina sheria ya makosa ya mtandao ya mwaka 2015 inayoadhibu taarifa za uongo. Usimtaje mhudumu kwa jina wala kuweka picha ya uso wake. Yeye alibeba sahani tu.

Usitishie kuandika ili upunguziwe bei. Huko ni kumkaba mtu, hata kama chakula kilikuwa kibaya kweli.

Bakshishi niache, chakula kikiwa kibaya?

Tenganisha jiko na mhudumu. Aliyekimbia kubadilisha sahani yako, akakuletea maji ya kunawa na kumwita meneja bila kukunja uso apewe chake, na apewe mkononi badala ya kuongezwa kwenye bili, kwa kuwa kinachopita kwenye bili hakimfikii kila mara. Aliyekupuuza hastahili, na huna haja ya kumwachia sarafu moja ya kejeli juu ya meza.